Giaboksi ya Gari la Bluu

Wanafunzi wake walimwita Mama Klachi. Hakujaliwa kupata mtoto, na kwa kuwa neno lililomtoka mdomoni kutwa nzima lilikuwa "klachi!", wanafunzi waliamua kwamba huyo ndiye kifunguamimba wake. Alilijua jina hilo na hakulikasirikia. Kwa miaka kumi na mitatu yeye na mumewe walifundisha watu udereva kwa gari moja tu, jeupe, lenye kibao juu ya paa na pedeli za pili upande wa abiria. Pedeli hizo mumewe alizichomelea mwenyewe, na alipenda kuwaambia wanafunzi waoga, "Mguu wa mwalimu uko hapa. Wewe ogopa, lakini endesha."

Sasa mumewe alikuwa na miezi minne kaburini. Figo zilimmaliza taratibu, mwaka mzima na ushei. Zamani, katika kila ada waliyopokea, walikuwa wakitoa fungu la gari na kuliweka kando lisiguswe, maana gari la kujifunzia halina mwenyewe, kila mkono unalikwangua. Fungu hilo lote liliishia hospitalini. Alipokuwa akilitoa hakusita, na baadaye hakulijutia. Lakini gari halijui msiba.

Siku lilipokufa, kwenye usukani alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mpole ambaye aliweza kumchoma sindano mtoto anayerusha mateke bila kutetemeka, ila mzunguko wa barabara nne ulimtoa jasho.

"Gia ya pili," Mama Klachi alimwambia. "Klachi kwanza. Klachi mpaka chini, mama. Chini kabisa! Haya, vuta."

Muuguzi akavuta. Chini yao ikatoka sauti kama ya kokoto zinazosagwa, kisha kishindo kimoja, kisha basi. Injini ilinguruma, lakini gari halikwenda mbele wala nyuma.

"Nimeua gari," muuguzi alisema, mikono ingali kwenye usukani. "Mwalimu wangu, nimeua gari la watu."

"Hujaua kitu. Lilikuwa linaumwa siku nyingi."

Ilikuwa kweli. Wiki mbili gia ya pili ilikuwa ikiruka yenyewe, na yeye alijifanya hasikii, kwa sababu alishachoka kusikia habari za magonjwa. Wakalisukuma pembeni, wao wawili pamoja na muuza magazeti mmoja aliyewacheka kwanza ndipo akasaidia.

Fundi wao waliyemzoea aliitwa Polepole. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu chuo cha ufundi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua inaponyesha. Alilivuta gari mpaka gereji, akaingia chini yake, akafungua mafuta ya giaboksi yakamwagika kwenye beseni. Kisha akamwita.

"Shemeji, njoo uone."

Katika mafuta yale meusi mlikuwa na unga wa chuma unaometameta, na vipande viwili vya meno ya gia vikubwa kama punje za mahindi.

"Imejitafuna yenyewe," Polepole alisema. "Sikudanganyi. Kuitengeneza hii ni kumwaga maji kwenye pakacha. Inatakiwa nyingine."

Akataja bei. Ilikuwa sawa na mapato ya miezi mitatu, na hiyo ni miezi ile mizuri, si hii.

"Mwenye duka la spea ananijua," fundi aliendelea. "Ukitaka anakupa leo hii, ulipe kidogo kidogo. Ila hiyo kidogo kidogo yake ina mkia mrefu."

"Sikopi, shemeji."

"Najua hukopi. Nakwambia tu njia zilizopo."

Polepole alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Alikuwa na neno lingine na lilikuwa zito.

"Kuna giaboksi ya aina hii hii," alisema mwishowe. "Nzima, beringi mpya. Na najua ilipo."

"Hata mimi najua ilipo. Usiseme."

Polepole akarudi chini ya gari.

Ilikuwa nyumbani kwa Mama Klachi, nyuma ya nyumba, katika banda la mabati. Miaka sita kabla ya kufa, mumewe alinunua mabaki ya gari lililopata ajali, aina moja na lile jeupe, akaapa atalifufua. Kila siku ya mapumziko alikuwa bandani. Alinyoosha bodi, akaipaka rangi ya bluu, akaifungua giaboksi na kuisuka upya kwenye meza ya jikoni, mpaka mkewe akawa anachomoa skrubu kwenye bakuli la chumvi. Msaidizi wake alikuwa baba yake mzazi, mzee aliyekuwa seremala wa karakana ya reli, aliyehamia kwao alipofiwa na mkewe. Mzee ndiye aliyechonga dashibodi ya mbao na kirungu cha gia, akakipaka vanishi mara tano.

"Hili halitafundisha mtu," mumewe alikuwa akisema. "Hakuna mwanafunzi atakayeligusa. Siku likiwaka, tunapanda watatu, mzee mbele, na yeyote atakayetamka neno klachi anashuka."

Halikuwaka. Injini ilikuwa bado nusu, viti vya nyuma havijafungwa, madirisha hayana vioo. Na tangu mazishi, mzee alikuwa akienda bandani kila alasiri na kikombe chake cha chai, anakaa kwenye kiti cha mbele cha abiria, mlango wazi, miguu nje, mpaka jua linapoanza kupoa. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini humo. Alikuwa hajalia, hata makaburini. Mkwewe naye alikuwa hajalia mbele yake. Waliishi hivyo, kila mmoja akimchungia mwenzake adabu.

Basi Mama Klachi akajikuna alipojipata. Wanafunzi wanane walikuwa wamelipa ada yote, mtihani wao ulikuwa wiki saba mbele, na ada hiyo alishaila. Hakuweza kuirudisha. Kilichobaki ni kuwafundisha. Akawaita uani kwake, akapanga viti viwili viwili, akawapa kila mmoja mfuniko wa sufuria awe na usukani, na mbele ya kila kiti matofali matatu.

"Hili la kushoto ni nani?" aliuliza.

"Klachi!" waliitikia wote, watu wazima na akili zao.

Walicheka, na yeye akacheka, lakini alijua kwamba hakuna askari wa barabarani atakayempa mtu leseni kwa kukanyaga tofali. Wawili waliacha kuja, wakasema wangesubiri. Muuguzi alikuja kila siku akitoka kazini, akiwa bado na viatu vyake vyeupe.

Mama Klachi akaenda kwa mshindani wao, mwenye shule ya udereva ya mtaa wa pili. Mtu huyo alimpa pole ya mume, kisha akamkodisha gari kwa muda wa saa mbili kila asubuhi kwa bei ambayo haikuwa mbaya wala nzuri. Ili alipe kodi hiyo aliuza televisheni, kisha hereni za dhahabu alizovaa siku ya ndoa, kisha jokofu. Hereni alizivua mbele ya sonara pale pale, kwa sababu kama angezivua nyumbani angezirudisha sikioni. Wiki tatu zilipokwisha akagundua kwamba fedha zote zilikuwa zimekwenda kwenye gari la mtu mwingine, na lile lake lilikuwa bado juu ya mawe kwa Polepole. Ilikuwa kama kuchota maji kwa kisu.

Simu yake nayo ilikuwa imejua. Kila siku uliingia ujumbe: ndugu mteja, umechaguliwa, bonyeza hapa upate mkopo kwa dakika moja. Aliufuta. Kesho yake unakuja mwingine, una heshima kuliko wa jana.

Alasiri moja akapiga moyo konde, akaenda bandani.

"Hodi, Baba."

"Karibu, mama. Mbona hodi, kwani hapa ni nyumba ya mtu?"

Alisimama karibu na tairi la mbele. Mzee alikuwa ameweka kikombe juu ya dashibodi, juu ya kitambaa, kisiache alama kwenye mbao.

"Lile jeupe giaboksi yake imekufa," alisema.

"Nimesikia. Pole, mwanangu. Utapata nyingine."

"Nimetafuta. Bei yake siiwezi. Nimeuza nilivyoweza kuuza."

"Nimeona. Jikoni pamekuwa peupe."

"Baba..." Alitazama chini. "Fundi anasema hii ya humu ni ile ile."

Kwanza ilikuwa kama mzee hakuelewa. Kisha akaingiza miguu ndani, mmoja, halafu wa pili, akavuta mlango ukafungika. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo hakujitenga na lolote. Alibaki ametazama mbele, mahali palipokuwa na ukuta wa mabati.

"Boliti hizi alizifunga kwa mkono wake," alisema. "Taa nilimshikia mimi."

"Najua, Baba."

"Tumeshamzika mara moja. Sasa unataka tumzike mara ya pili?"

Maneno hayo yalimpata mahali ambapo hakuwa amejikinga. Alitaka kujibu kwamba hata yeye alikuwa mkewe, kwamba usiku hugeukia upande wa mumewe kitandani na kukuta shuka limepoa. Mtu hamjibu mkwewe hivyo.

"Basi, Baba. Yamekwisha. Nisamehe."

Akaingia jikoni, akafungua bomba ili maji yafunike sauti, akalia akiwa amesimama.

Siku tatu hawakuzungumza zaidi ya salamu. Mzee alikula chumbani kwake. Siku ya nne alivaa koti lake la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, akatoka asubuhi bila kusema anakokwenda, akarudi alasiri akiwa na bahasha. Akaiweka mezani mbele ya mkwewe, akaisukuma kwa kidole.

"Kuna watu wa mikopo kwenye lile jengo la kona," alisema. "Wananipa, kwa dhamana ya pensheni yangu. Fedha zinatosha giaboksi na chenji inabaki. Wanataka tu sahihi ya mtu wa pili. Hapo, kwenye nukta."

Mama Klachi alitoa karatasi, akaisoma mpaka chini, hata yale maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Mzee alikuwa na miaka sabini na minane.

"Miezi thelathini, Baba."

"Nitafika."

"Na usipofika?"

"Basi watanifuata huko huko wanidai. Wapande wenyewe mbinguni." Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na alimtazama mkwewe akingoja acheke naye.

Hakucheka. Aliona sasa kilichotokea: mzee alikuwa tayari kuuza siku zake zilizobaki ili gari lile lisiguswe. Akaikunja karatasi, akaishika mapajani.

"Baba, nina jambo sijawahi kukwambia. Wala si wewe tu. Nimemwambia mtu mmoja tu duniani."

"Sema, mama."

"Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu alikopa anunue cherehani. Cherehani ikaharibika, akakopa kwingine ili alipe kule. Siku moja wakaja wanaume watatu, mchana kweupe. Wakachukua cherehani. Wakachukua kabati. Wakapiga hesabu, wakaona haijatosha, wakaingia chumbani. Mama alikuwa mgonjwa, amelala. Hawakumtukana, Baba. Walimwomba kwa adabu kabisa. 'Samahani mama, hebu inuka kidogo.' Akainuka, akakunja shuka lake vizuri, akasimama pembeni wakabeba kitanda. Majirani wote nje. Godoro walituachia. Tangu siku hiyo mama hakulala tena kitandani, hata baadaye tulipopata kingine. Alisema ukilala chini hakuna atakayekuja kukuomba uinuke."

Nje, mwanafunzi aliyewahi mapema alikuwa akiburuta kiti uani.

"Yeye alijua?" aliuliza baadaye. Jina la mwanawe hakulitaja.

"Ndiye niliyemwambia. Na Baba, usidhani mimi ni jiwe. Pale hospitalini nilitaka kukopa. Daktari alikuwa ameshatuambia hakuna kitu tena, lakini nilitaka kukopa tu, ili nisikae pale mikono mapajani. Nilikuwa nimeshaijaza fomu. Akanishika mkono huu, akasema, 'Usiniachie kitanda cha mama yako.' Hayo ndiyo..." Akaikunja karatasi mara nyingine. "Hayo ndiyo karibu maneno yake ya mwisho yenye akili timamu. Nisingeweza kukataa kwa ajili yake, halafu nikakubali kwa ajili ya giaboksi."

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akairudisha ndani ya bahasha. Ilichukua muda, vidole vyake havikuwa vya kutegemewa tena.

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema. "Na sisi matanga tumeshayakaa." Akainuka akishikilia meza. "Mwambie fundi aje Jumapili. Ila niwepo mimi."

Jumapili Polepole alikuja na jeki mbili, stendi nne za chuma na spana zake zimefungwa kwenye turubai. Alimsalimia mzee kwa kuinama. Hakukuwa na mzaha siku ile. Mzee aliomba kitu kimoja tu, akifungue kirungu cha gia yeye mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha dereva, ambacho hakuwahi kukikalia, akakizungusha mpaka kikatoka, akakitia mfukoni mwa koti. Kisha akashuka, akachukua taa, akapiga magoti kwa shida, akammulikia fundi.

"Inua kidogo kulia," fundi alisema kutoka chini.

Mzee akainua. Alijua boliti ilipo kabla fundi hajaitaja.

Mama Klachi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akipokea boliti na kuzipanga kwenye gazeti. Zilikuwa safi, zimepakwa grisi moja moja. Baadhi ya mafundi hufunga vitu ili vifungike tu. Hizi zilifungwa na mtu aliyedhani ana muda. Saa nzima walifanya kazi bila maneno mengine zaidi ya "shika", "legeza", "subiri". Kisha giaboksi ikatoka, ikateremka taratibu juu ya jeki, wakaivuta mwangani.

Juu ya kifuniko chake, kwa chaki nyeupe, palikuwa na maandishi. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye daftari la wanafunzi, herufi zinazoegemea nyuma kama mtu anayevuta kamba: *Mafuta bado. Usisahau.*

Polepole, kwa mazoea ya mkono, alikuwa ameshashika kitambaa. Alipitisha mara moja.

"Acha!" mzee alipiga kelele. "Acha, we mtu, acha!"

Fundi akaruka nyuma kana kwamba ameungua. Neno la mwisho lilikuwa limefutika, na lile la pili pia. Lilibaki *Mafuta*, na mchirizi mweupe.

"Nisamehe, mzee," Polepole alisema. "Nisamehe. Sikuona. Naapa sikuona."

Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya maandishi bila kuyagusa, akiyakinga kama mtu anayekinga kiberiti upepo usikizime. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Mama Klachi aliinuka kwenye ndoo, akapiga magoti kando yake kwenye sakafu yenye grisi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule alimshika mkwewe mikononi. Polepole alitoka nje, akasimama nyuma ya banda, na safari hii hakuwa na kitambaa cha kufutia chochote.

Chaki haikudumu. Kwenye gereji, walipoiinua giaboksi ndani ya gari jeupe, ilisuguana na mikono, na nguo, na mafuta, na jioni hakukuwa na herufi hata moja. Mafuta aliyatia Mama Klachi mwenyewe. Kwa kazi yake Polepole hakutaka kitu. Alipolazimishwa, alisema atamleta mpwa wake afundishwe bure, wakawa wamemalizana.

Jumatatu asubuhi Mama Klachi alilichukua gari peke yake kulijaribu. Alitia gia ya kwanza. Alipofika kwenye mzunguko wa barabara nne akakanyaga klachi, akavuta ya pili, na ikaingia bila sauti, bila kukwama, laini kabisa. Katika miaka kumi na mitatu gari lile halikuwahi kuingia gia namna ile. Mumewe alikuwa ameifanya kazi hiyo kwenye meza ya jikoni na hakupata kuisikia hata mara moja.

Akazunguka mzunguko. Njia ya kutokea ikapita, hakutoka. Akashusha gia hadi ya kwanza, akarudi ya pili, akazunguka tena. Machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kwenye kola na hakuweza kuona vibao. Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Dereva mmoja wa lori alichungulia, akaona kibao cha shule juu ya paa.

"We mwanafunzi!" alimpigia kelele. "Toka barabarani! Mwalimu wako yuko wapi?"

Swali hilo lilimmaliza. Alizunguka mara tatu zaidi kabla hajapata njia ya kutokea, akasimamisha gari kando ya ukuta wa shule ya msingi, akainamia usukani mpaka kengele ya mapumziko ilipolia na watoto wakaanza kumchungulia.

Wanafunzi sita walifanya mtihani wiki mbili baadaye. Walifaulu watano. Muuguzi alikuwa miongoni mwao. Alipita mzunguko akiwa amefumba macho, alisema, ingawa askari aliandika kwamba amepita vizuri. Katika ada ya mwanafunzi mpya wa kwanza, Mama Klachi alitoa fungu la gari kabla hajanunua hata chumvi. Jokofu hakulirudisha mwaka ule. Hereni hazikurudi kabisa.

Mzee hakwenda tena bandani. Alasiri alinywea chai chumbani, kitandani, dirisha limefungwa. Alikula kidogo. Mambo ya gari jeupe hakuyauliza, na mkwewe hakuyataja, na lilipokuwa likiingia uani aliweza kusikia kitanda cha mzee kikilia, akigeukia ukutani.

Siku ya matokeo alimpelekea chai mwenyewe. Akamwambia habari za watano waliofaulu. Mzee aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

"Yule muuguzi naye?" aliuliza.

"Naye."

"Vizuri."

Alikuwa ameshaushika mlango ili atoke, mzee alipozungumza tena, sauti imeelekea ukutani.

"Inaingia vizuri?"

Alirudi. Akakaa sakafuni kando ya kitanda, akaegemeza mgongo ubaoni.

"Inaingia vizuri, Baba. Vizuri sana. Huisikii kabisa."

"Ya pili je? Ya pili ndiyo iliyokuwa inamsumbua alipokuwa akiisuka."

"Hata ya pili."

Chai ilikuwa inapoa juu ya kigoda.

"Sikuwahi kumwambia kwamba anaijua kazi," alisema. "Nilikuwa nasahihisha tu. Shika hivi, kaza vile. Nilidhani nitamwambia siku likiwaka."

Mama Klachi akanyoosha mkono juu, akaushika ule wa mzee uliokuwa ukining'inia ukingoni mwa kitanda, wakakaa hivyo mpaka kulipoingia kiza cha magharibi, na hakuna kati yao aliyeinuka kuwasha taa.